Moto wa Juni na Moto wa Oktoba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Morogoro)



Kamati ilipotuomba sisi wa kazi ya misitu tuje tuseme neno mbele yenu, tulidhani kwanza kwamba yafaa tuseme habari za kupanda miti. Hiyo ndiyo hotuba watu wanayoitazamia kwa mabwana misitu, nayo haimkasirishi mtu. Lakini tulipokaa pamoja tuliona kwamba liko jambo moja litusumbualo mwaka hata mwaka, wala haliwezi kutengenezwa na watu wa misitu peke yao. Lataka makarani wa hesabu, lataka mabwana shamba, lataka watendaji wa kata na vijiji. Yaani lawataka ninyi mlioketi humu. Jambo lenyewe ni moto.

Kila aliyekaa Morogoro mwaka mzima ameuona. Ikifika Septemba, na zaidi Oktoba, mtu hutoka uani usiku baada ya chakula, akatazama juu, akaona mstari mwekundu umelala ubavuni mwa mlima. Watoto huupenda. Wageni huuliza ni taa za nini. Asubuhi majivu membamba huwa yameanguka juu ya nguo zilizoanikwa, mama wa nyumba akanung'unika, kisha habari imekwisha, watu wakaenda kazini. Kwetu sisi haikwishi hivyo. Mstari ule maana yake ni kwamba watu kumi au kumi na wawili wamekwisha kuamshwa, wako njiani kupanda gizani, wana mapanga, matawi mabichi na mabomba ya maji ya mgongoni. Na wake zao wamekaa macho.

Twaomba tueleze kwanza mlima wenyewe, maana wengi wetu twaishi chini yake bila kuujua. Milima ya Uluguru ni fungu moja la ile safu ya milima ya kale ianzayo Taita katika Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikaja Nguru na Ukaguru, ikafika Udzungwa. Lupanga, kilele kilicho juu ya mji wetu, hupita mita 2,100. Na huko kusini Kimhandu hupita mita 2,600. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa ikawa Hifadhi moja ya Mazingira Asilia, yenye hekta 24,000 na kitu, nayo yaangaliwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2010. Wamo ndani yake ndege na mimea isiyoonekana mahali pengine po pote duniani. Hata mtu asiyejali ndege, maji huyanywa. Ngerengere, mto ulijazao bwawa la Mindu tunakopata maji yetu hapa mjini, watoka katika milima hii. Ruvu, mto ambao Dar es Salaam huutegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake, nao vilevile.

Sasa, mlima huu una nguo mbili. Juu kuna msitu mzito wa mvua na ukungu, ambao miti yake haikuzoea moto hata kidogo. Chini, na hasa upande wa magharibi na wa mji, kuna nyasi, miombo, na mashamba yaliyoachwa. Nguo hii ya chini imezoea moto tangu zamani; ukipita, miti ya miombo huchipua tena shinani. Hatari iko pale zinaposhonwa pamoja. Moto hauuli msitu wa juu kwa siku moja. Huutafuna ukingoni. Mwaka huu huunguza hatua kumi za ukingo, na mahali pale palipokuwa na kivuli na unyevu huingia jua, likaleta nyasi na kangaga. Nyasi hizo zikikauka huwa kuni za moto wa mwaka ujao, nao huingia hatua kumi nyingine. Na kule kusini, juu kabisa katika uwanda wa Lukwangule, kuna mbuga ya nyasi iliyo juu ya msitu, basi huko msitu waweza kutafunwa kutoka juu kama unavyotafunwa kutoka chini.

Tuseme habari ya Oktoba moja. Mwaka hatutautaja, wala ofisi, kwa kuwa hatukuja hapa kumshitaki mtu.

Tulipata habari saa tisa alasiri kwamba moto umetoka shambani mwa mtu aliyekuwa akisafisha shamba kabla ya mvua za vuli, nao unapanda. Gari lilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Ombi la mafuta liliandikwa, likatiwa sahihi ya kwanza, likangojea sahihi ya pili, na mwenye sahihi ya pili alikuwa mkutanoni. Tulifika kijijini jua linazama. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko mtu, na kavu kiasi cha kulia zinapoguswa. Aliyefundishwa kazi ya moto ajua kwamba moto upandao mlima hukimbia kuliko moto wa tambarare, kwa sababu ndimi zake huinamia nyasi zilizo mbele na kuzikausha kabla ya kuzifikia. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila digrii kumi za mwinuko mwendo wa moto huongezeka mara mbili. Sisi tulijua hayo, lakini kujua hakukutupa njia ya kupita. Tulijaribu kuukata ubavuni. Upepo ukageuka mara moja tu, na mwenzetu mmoja akaungua mikono na upande wa uso. Yu hai, naye yuko kazini hata leo, ila kidole kimoja hakikunjiki.

Moto ule uliwaka siku nne. Hatukuuzima. Ulikwisha wenyewe ulipokuta bonde lenye maji na usiku wenye umande mwingi. Hata hivyo taarifa iliandikwa kwamba moto umedhibitiwa, tukapewa shukrani, na hesabu ya mafuta, posho, mikate, tochi na matibabu ililipwa yote bila swali. Fedha hizo hatukuwahi kuziona kwa wingi ule katika kazi nyingine yo yote.

Siku ya tano, tulipokuwa tukishuka, tulikaribishwa maji na mzee mmoja wa kijiji kile. Tulimwamkia, akaitikia, akatungoja tunywe. Kisha akasema, "Wanangu, poleni kwa kazi. Lakini nyasi hizi mwezi wa sita zilikuwa nusu mbichi, na mimi nilikuwa hapa hapa na kijinga mkononi, nangojea mtu wa Serikali aje aniambie nichome wapi. Mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa mzee yule. Jibu lenyewe lilikuwako, lakini lilikuwa la aibu. Mwezi wa sita tulikuwa ofisini. Tulikuwa tumeandika kuomba fedha kidogo, za siku sita za kazi, ili tuchome nyasi ukingoni mwa hifadhi zingali na umajimaji, tukajibiwa kwamba fungu limekwisha na vitabu vinafungwa.

Hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Kuna moto wa namna mbili katika nyika. Moto wa mapema huwashwa mwisho wa Mei, au Juni, hata Julai kidogo, masika yakiisha kupita na nyasi zikianza kugeuka rangi lakini chini zingali kijani. Moto huo ni mfupi, hutambaa, huruka mahali penye unyevu, huacha mabaka mabaka, na ukifika kwenye ukingo wa msitu hufa wenyewe. Moto wa mwisho wa kiangazi ni kinyume chake. Hula kila kitu hata mizizi ya nyasi, huua miche ya miti, hupasua magome, na kuiacha ardhi tupu majuma machache tu kabla mvua za vuli hazijaishukia. Udongo unaokwenda na mvua hiyo waenda Ngerengere na Ruvu, na baadhi yake wakaa chini ya bwawa letu.

Jambo hili si la kukisia. Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi iitwayo leo Zambia, mabwana misitu walitenga viwanja katika miombo. Vingine walivichoma mapema kila mwaka, vingine walivichoma mwisho wa kiangazi, na vingine walivikinga visichomwe kabisa. Matokeo yake yaliandikwa mwaka 1959. Viwanja vya moto wa mwisho vilikwisha kuwa nyasi na visiki. Viwanja vya moto wa mapema vilibaki miombo. Na viwanja vilivyokingwa vikawa vizito, na miti ya msitu ikaanza kuingia. Twalitaja hili la tatu kwa sababu ya uaminifu, maana wako watakaosema: basi, mbona msizuie moto kabisa, ikiwa hiyo ndiyo njia bora? Naam, ndiyo njia bora kwa mtu awezaye kuzuia moto kabisa. Kiwanja chenye njia pana ya kukinga moto pande zote nne na mlinzi kila pembe chaweza kukingwa. Mlima wenye vijiji vingi pande zote, wenye wachoma mkaa, warina asali, wawindaji, wachungaji na watu wenye mashamba, hauwezi. Wako hata waaminio kwamba moto ukienda mbali, umri wa aliyeuwasha utakuwa mrefu. Katika mlima kama huu moto utakuja, na sisi twachagua mwezi tu.

Kwa nini basi hatuchagui Juni? Ndugu zetu makarani wa hesabu watuwie radhi, maana sasa twaingia nyumbani kwao.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, ukaisha tarehe 30 Juni. Nyasi hazikuambiwa. Wakati ufaao kuchoma, yaani mwisho wa Mei na Juni, ndio wakati ambapo mafungu yamekauka kuliko nyasi, na kila mwenye kalamu yu katika kulinganisha vitabu. Mwaka mpya ukiisha kufunguliwa, fedha hazifiki siku ile; zina safari yake, kama mjuavyo ninyi kuliko sisi. Zikifika mikononi mwetu, nyasi za Uluguru zimekwisha kukauka, na kuchoma wakati huo ndiko kule kule tunakokatazwa. Basi fedha ile ile, ambayo ingalitosha kununua Juni, hukaa ikingoja Oktoba. Hakuna mtu mwovu katika habari hii. Zipo kalenda mbili tu, ya daftari na ya nyika, na hakuna aliyezikutanisha.

Liko na jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kulisema. Moto wa Oktoba una mashahidi. Waonekana kutoka dirisha la kila ofisi, na mkubwa akiuona hupiga simu, na simu ya mkubwa hufungua kasha. Kazi ya Juni haina shahidi. Watu kumi huenda mlimani siku sita, wakarudi na moshi katika nguo, na Oktoba ikifika hapatokei kitu. Taarifa ya namna gani itaandikwa juu ya jambo lisilotokea? Karani mmoja rafiki yetu alituuliza kwa mzaha, "Niandike katika safu gani?" Tulicheka, lakini hata leo hatujamjibu. Na katika kugawa watu ni vivyo hivyo. Mlinzi wa msitu mwezi Juni huwindwa na kazi nyingine: mipaka, mkaa, wageni, mikutano. Akiombwa kwa kuchoma, huambiwa kwamba kazi hiyo yaweza kungoja. Na kweli yangoja, mpaka inapokuja yenyewe usiku.

Tusidhani kwamba ni sisi tu wenye shida hii, wala kwamba utajiri huiondoa. Huko Marekani iko Idara ya Misitu yenye ndege za maji, magari na watu kwa maelfu. Mwezi Oktoba 2024 idara hiyo ilisimamisha kuchoma kwa mpango katika misitu yake yote ya California, kwa sababu ilitaka kuweka watu na vifaa vyake tayari kwa mioto ya ghafula. Sababu hiyo yaeleweka; sisi nasi tungaliitoa, na tumekwisha kuitoa mara nyingi bila kuiandika. Lakini tazameni mduara wake. Watu wanazuiwa wasipunguze kuni, ili wawe tayari kwa moto utakaozila kuni hizo. Majira ya kuchoma yakipita, kuni zaongezeka, moto wa mwaka ujao wawa mkubwa zaidi, na watu wa kungojea wazidi kuhitajiwa.

Na kwa haki yawapasa Wamarekani kusemewa upande wa pili. Mwezi Aprili 2022, katika jimbo la New Mexico, moto uliowashwa na watu wa idara hiyo hiyo kwa mpango, kwa siku iliyochaguliwa, uliwaponyoka. Ukaungana na mwingine uliotoka katika malundo ya matawi waliyokuwa wameyachoma Januari, ambayo yalikaa yakifuka chini ya theluji miezi mitatu. Ekari zaidi ya 341,000 ziliteketea, na watu wakapoteza nyumba zao. Idara ikasimamisha kuchoma kote nchini kwa siku 90 ili ijichunguze. Basi yeyote atakayesimama hapa na kuwaambia kwamba moto wa mapema hauna hatari, huyo hajaushika. Katika baraza letu wenyewe, tulipokuwa tukiitengeneza hotuba hii, mwenzetu mmoja wa siku nyingi alipinga tangu mwanzo hata mwisho. Alisema kwamba mwananchi akimwona bwana misitu ana kijinga mkononi, hatatofautisha Juni na Oktoba. Atasema tu kwamba hata Serikali huchoma. Hatukumshinda kabisa. Tulimwambia kwamba mwananchi wa Uluguru huitofautisha miezi hiyo kuliko sisi, na kwamba mzee yule wa kijinga alikuwa akitungoja sisi. Alinyamaza, lakini twamjua, hakukubali.

Tena iko habari ya zamani ya mlima huu, ambayo wazee hawakuisahau nasi haifai tuisahau. Baada ya vita vya pili vya dunia, Serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia ilikuwa kuzuia udongo usiende na maji, na ofisini mpango ulisomeka vizuri. Watu waliamriwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko, kwa siku zilizowekwa kila juma, na walikatazwa kuchoma mashamba yao. Upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza, ngazi zilikubalika kwa kadiri. Upande wa mashariki, wenye mvua nyingi na udongo mwembamba, matuta yalileta juu udongo usio na rutuba, na mahali pengine yaliporomoka. Watu walitozwa faini. Mwezi Julai 1955 ghadhabu ililipuka huko Matombo, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ukaachwa.

Twaitaja habari hii kwa sababu ya makatazo yale ya moto. Katazo lisilomwachia mkulima njia yo yote halikuuondoa moto. Liliuondoa mchana tu. Mtu aliyekuwa akichoma jioni pamoja na jirani zake, huku wakikinga mpaka, akawa anachoma kwa siri na kukimbia. Na moto uliokimbiwa ndio moto mbaya kuliko yote, kwa sababu hauna mwenyewe. Hata leo tukifika kijijini kuuliza nani aliwasha, hakuna aliyewasha. Na Sheria yetu ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu yake juu ya moto na namna ya kuomba ruhusa, lakini ruhusa ikiwa mbali kwa mwendo wa siku nzima kwenda na kurudi, na mwombaji hajui kama atamkuta mtu, tusishangae akiamua kujiruhusu mwenyewe.

Kwa wale wasiokuwa watu wa misitu, tueleze kazi ya Juni jinsi ilivyo, wasije wakadhani twaomba fedha za kwenda kutembea. Kwanza huchaguliwa mahali, nalo ni ukanda tu wa nyasi chini ya mpaka, usiogusa msitu. Katika msitu wa juu haturuhusu hata kiberiti. Ukanda hugawanywa mafungu matatu hivi, na kila mwaka huchomwa fungu moja au mawili, ili miche ipate mwaka wa kupumzika; ukichoma pale pale kila mwaka, hata moto mdogo huzuia mti usikue. Kisha njia ya kukinga moto husafishwa kwa majembe upande wa juu, upana wa kutosha. Wenye mashamba jirani huambiwa siku, na huja na watu wao. Saa kumi na moja jioni, jua likipoa na upepo wa mchana upandao mlima ukianza kutulia, moto huwashwa juu, kando ya njia ile, ukaachwa ushuke. Moto ushukao huenda kama mtu mwenye mzigo. Watu husimama wakitembea nao, na anayeona unaruka huupiga kwa tawi. Usiku umande huumaliza. Asubuhi lazima watu warudi, waguse magogo kwa mikono, wafukue palipo na moshi. Na hili la asubuhi ndilo ambalo lisipofanywa huleta yale ya New Mexico. Kazi yote ni watu kumi na wawili, mabomba manne, majembe, na mafuta ya gari kwenda na kurudi.

Wengine watauliza juu ya Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka katika hifadhi ile. Watu wapatao mia tano walipanda kuuzima, nao uliunguza kadiri ya kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 ukawaka tena. Hatusemi kwamba huko juu yafaa kuchoma Juni. Mimea ya kule si nyasi za Uluguru, na wenye kuijua waamue. Tunachokitaja ni jina la mwezi.

Basi twaomba nini? Kwa makarani wa hesabu na wenye kutengeneza makadirio, twaomba kazi ya moto wa mapema iwe na mstari wake katika makadirio, usiochanganywa na dharura, na fedha zake zitolewe mwezi Aprili, mafuta yanunuliwe na kuwekwa, ili Juni isikute kasha limefungwa. Sisi twakadiria theluthi moja ya fedha zote za moto za mwaka. Labda robo yatosha, labda nusu ndiyo ifaayo. Theluthi ni neno la watu waliokaa wakahesabu majembe na lita, na tuko tayari kusahihishwa. Theluthi mbili zibaki kwa Oktoba, maana Oktoba haitakoma kwa sababu ya Juni moja, wala mtu asitupe mabomba yake.

Kwa wakubwa wa walinzi twaomba kwamba watu wanne katika kila kumi na wawili wasihamishwe kwa kazi nyingine kuanzia juma la mwisho la Mei hadi katikati ya Julai. Hao wanne wakiwapo, wanavijiji hutimiza hesabu.

Kwa watendaji wa vijiji na mabwana shamba, ombi letu ni jepesi kwa maneno na zito kwa miguu. Ruhusa ya kuchoma shamba itolewe kijijini, siku moja au mbili katika juma, na mtoaji awepo siku hizo. Na mtu akipewa ruhusa aambiwe saa, na majina ya jirani watakaosimama naye. Mahali ambapo watendaji wamejaribu hivyo, tumeona watu wakija. Wazee ndio wa kwanza. Wao wazijua nyasi za kila bonde, na wajua ni siku gani zitashika moto na siku gani zitakataa. Jambo ambalo sisi hulisoma katika kitabu, kisha tukakosea.

Na rafiki yetu karani aliyeuliza habari ya safu, tumemwandalia. Tumechora fomu ya ukurasa mmoja: jina la ukanda, hatua zilizochomwa, idadi ya watu, lita za mafuta, na upande wa kulia nafasi iliyoachwa wazi, ya kujazwa mwezi Novemba, juu ya yaliyotokea mahali pale pale katika kiangazi. Nakala zimekwisha kupigwa, ziko mezani kwa Bwana Katibu pamoja na barua ya makadirio. Barua yataka sahihi za kamati kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ikichelewa itaingia katika mwaka wa fedha mwingine.